Mwenyekiti wa wilaya kajiuzulu baada ya uchaguzi: tunampataje mwingine bila kuishia kwenye pingamizi?

Mkerewe wa Bukongo

Wakuu, habari za leo. Naandika toka Nansio, Ukerewe. Chama sikitaji, mada isije ikageuka ya ushabiki. Tumetoka kwenye uchaguzi bila diwani hata mmoja wilaya nzima, wakati kabla tulikuwa nao saba pamoja na wa viti maalumu. Usiku wa matokeo mwenyekiti wetu wa wilaya aliandika kwenye grupu la WhatsApp la viongozi kwamba anawajibika na anang'atuka, kisha akajitoa kwenye grupu. Makamu ndiye anayekaimu, na wapambe wake wameshaanza kupita kata kwa kata.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa vikao. Kwanza, orodha ya wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Wilaya ina majina 124. Humo 11 wamehama chama na 3 wamefariki. Katiba inataka akidi (idadi ya chini ya waliohudhuria ili kikao kiwe halali) ya theluthi mbili "ya wajumbe wote". Wote wapi, wa kwenye orodha au waliopo? Pili, kuna wanaotaka tathmini ya kushindwa ifanyike kwanza, wengine wanataka uchaguzi kesho asubuhi. Tatu, wajumbe wa visiwa vya Ukara na Irugwa huwa wanaondoka mapema kuwahi chombo, na kura ikirudiwa wao hawapo. Hilo mnalipangaje?

Karani wa Kirumba

Mkuu, kabla ya akidi kuna jambo umelipita haraka. Barua iko wapi?

Ujumbe wa WhatsApp si barua ya kujiuzulu. Fungua katiba yenu kwenye sehemu ya ukomo wa uongozi. Katiba za vyama kwa kawaida zinataka kiongozi aandike kwa mamlaka iliyomchagua, na zingine zinaongeza kwamba mamlaka hiyo iridhie. Mwenyekiti wa wilaya kachaguliwa na Mkutano Mkuu wa Wilaya, kwa hiyo barua inapokelewa na katibu wa wilaya kwa niaba ya mkutano huo, nakala inakwenda mkoani. Bila hiyo karatasi kiti hakijawa wazi, na yeyote mtakayemchagua atakuwa amekaa juu ya kiti cha mtu.

Anayedhani natia chumvi akumbuke chama cha CUF. Profesa Ibrahim Lipumba aliachia uenyekiti Agosti 2015, uchaguzi mkuu ukiwa mlangoni. Juni 2016 akaandika kwamba anarudi. Upande mmoja ukasema kiti kilishakuwa wazi, upande wa pili ukasema kujiuzulu hakujawahi kuridhiwa na mkutano uliomchagua. Mkutano Mkuu wa Agosti 2016 pale Ubungo Plaza ukavunjika kwa vurugu, Septemba Msajili wa Vyama vya Siasa akatoa msimamo wa kumtambua Lipumba, na mvutano ukaingia mahakamani. Mahakama Kuu ilipotoa hukumu ya kumpa Lipumba ushindi tarehe 18 Machi 2019, mpinzani wake ndani ya chama, katibu mkuu Maalim Seif Sharif Hamad, na watu wake walihamia ACT-Wazalendo siku hiyohiyo. Zaidi ya miaka miwili na nusu chama kilikuwa na vichwa viwili, na mzizi wake ni swali dogo tu la kama mtu amejiuzulu au hajajiuzulu.

Kwa hiyo katibu amfuate mzee, yaani mwenyekiti wenu, nyumbani kwake, kwa heshima, akiwa na karatasi ya sentensi moja: "Najiuzulu nafasi ya Mwenyekiti wa Chama Wilaya kuanzia tarehe fulani." Asiandike sababu. Sababu zikiingia kwenye barua, mkutano utajadili barua badala ya kuipokea. Piga mhuri wa kupokelewa, andika tarehe na saa, mpe nakala yake. Akigoma kuandika, Kamati Tendaji imwite kwa barua na kumpa muda wa kujibu kama katiba inavyosema. Msitangaze kiti kuwa wazi kwa sababu tu mtu katoka kwenye grupu. Watu hutoka na kurudi.

Nyakato Stendi

Naunga mkono. Sasa niingie kwenye akidi, maana pingamizi nyingi huanzia hapo.

Umetaja waliohama na waliofariki, umesahau madiwani. Wale saba walikuwa wajumbe kwa nafasi zao. Udiwani umekwisha, na ujumbe umekwisha nao, isipokuwa kama mmoja wao ni mjumbe pia kwa cheo kingine, tuseme mwenyekiti wa kata. Hili husahaulika sana baada ya kushindwa: diwani wa zamani anaingia ukumbini kwa mazoea, mlinzi anamjua, anapewa karatasi, anapiga kura. Mshindi akipita kwa kura mbili tatu, aliyeshindwa ana rufaa mkononi.

Tufanye hesabu. Chukua kwamba madiwani hao hawana cheo kingine, na hakuna aliyehesabiwa pia kati ya wale 11 (angalia vizuri, usije ukamtoa mtu mmoja mara mbili).

Ukisema "wajumbe wote" ni majina yote 124, theluthi mbili ni 82.67, yaani watu 83. Ukisema ni nafasi zilizopo kikatiba, unatoa saba za madiwani ambazo sasa hazipo, zinabaki 117, akidi 78. Zile 14 za waliohama na waliofariki unaziacha humo, kwa sababu nafasi ipo hata kama mtu hayupo. Ukisema ni watu walio hai na wana kadi, wanabaki 103, akidi 69.

Kati ya 69 na 83 kuna watu 14. Hao 14 ndio kesi yenyewe. Ushauri wangu: omba tafsiri ya maandishi toka mkoani mapema, lakini panga mkutano kana kwamba unahitaji 83. Katika 103 waliopo ni kama wanne katika kila watano, inawezekana mkilipa nauli kwa wakati. Njia safi zaidi ni kujaza kwanza zile nafasi 14 kwenye kata na mabaraza, mkutano uwe na watu 117 kamili, ila hiyo inaongeza wiki mbili tatu.

Na ushahidi wa "amehama" uwe wa kushikika: barua, kadi iliyorudishwa, au mtu kagombea kwa tiketi ya chama kingine. "Tunasikia yuko kule" haimtoi mjumbe kwenye orodha. Tangu marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2019, daftari la wanachama na la viongozi ni takwa la sheria, kwa hiyo orodha itoke kwenye daftari, isitoke kwenye simu ya mtu. Ibandikeni ofisi ya wilaya walau wiki mbili kabla, mpokee pingamizi kwa siku tano, mzijibu kwa maandishi, kisha orodha ifungwe na kila mgombea apewe nakala ileile.

Msidhani haya ni ya vyama vidogo. Chadema walifanya uchaguzi wa mwenyekiti Januari 2025, kura zikahesabiwa mbele ya kamera, Tundu Lissu 513, Freeman Mbowe 482, Charles Odero 1, na Mbowe akayakubali matokeo. Uchaguzi wenyewe ulitulia. Balaa likatokea kwenye kikao kilichofuata. Mwanachama alilalamika kwamba Baraza Kuu la tarehe 22 Januari lililothibitisha uteuzi wa katibu mkuu na wengine halikuwa na akidi. Mei 2025 Msajili akasema hawatambui viongozi wanane waliothibitishwa pale, na ruzuku ikazuiwa. Chama kilipinga, lakini mjue tu kwamba karatasi ya mahudhurio inaweza kufika mbali hivyo.

Mkerewe wa Bukongo

Nyakato Stendi, la madiwani lilinipita kabisa. Watano kati yao wapo kwenye grupu la wajumbe hadi leo na wanachangia hoja. Karani, barua nitafuatilia wiki hii. Vipi kuhusu tathmini?

Jiwe la Bismarck

Tathmini kwanza, ila iwe na mwisho unaojulikana.

Mkichagua kabla ya kujua kilichowaangusha, mnachagua kwa hasira. Waingereza wana kumbukumbu nzuri za mambo haya kwa sababu kwao kiongozi akishindwa uchaguzi mkuu kwa kawaida huondoka. Chama cha Conservative kilipoangushwa tarehe 4 Julai 2024 kikabaki na wabunge 121, kiongozi wake Rishi Sunak hakutoka mbio. Alikaa mpaka mrithi wake, Kemi Badenoch, alipopatikana tarehe 2 Novemba, na katikati wagombea wakapelekwa kwenye mkutano wa mwaka wa chama kuhojiwa mbele ya wanachama. Miezi minne. Chama cha Labour kiliposhindwa 2015, kiongozi wake Ed Miliband alijiuzulu kesho yake tu, naibu wake Harriet Harman akakaimu hadi Septemba, na hakugombea. 2010 vilevile alikaimu, na hakugombea. Hapo kuna somo kwa makamu wenu: anayekaimu anashika orodha, ofisi na ratiba, kwa hiyo akiwa pia mgombea hakuna atakayeamini chochote alichosaini.

Jingine ni wadhamini wa fomu. 2015 mgombea wa Labour alihitaji wabunge 35 wa kumpendekeza. Jeremy Corbyn alipata 36, na baadhi yao walimpa jina ili mjadala uwe mpana, hawakuwa na nia ya kumpigia. Wanachama wakampa ushindi wa asilimia 59.5 raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata wabunge wake wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye, 172 kwa 40, akarudi kwa wanachama, akashinda tena. Usimsainie mtu fomu kwa huruma. Na kiongozi mwenye wajumbe wa chini lakini asiye na kamati anayoweza kufanya nayo kazi atawapa taabu hata akiwa mtu mzuri.

Tathmini yenyewe isiwe mkutano wa kutupiana lawama. Leteni nakala za fomu za matokeo za vituo na mjibu mambo machache: vituo vingapi tulikuwa na wakala tangu kufungua hadi kuhesabu? Fomu ngapi zilirudi ofisini? Kituo kilekile, kura za diwani wetu na za mbunge wetu zilipishana kiasi gani? Kama diwani alipata mara mbili ya mbunge, tatizo lilikuwa mgombea. Kama wote walianguka sawasawa, tatizo ni chama. Kama fomu hazikurudi, hamna cha kusema kwa uhakika, na hilo nalo ni jibu.

Busisi Darajani

Bismarck, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe. Hao unaowataja ni vyama vya taifa vyenye mishahara na ofisi. Wilaya yenye wajumbe 103 na kaimu anayefanya kampeni haiwezi kungoja miezi minne. Kila wiki inayopita kaimu anateua mtu mmoja kujaza nafasi, na mjumbe aliyeteuliwa na kaimu anajua kura yake inakwenda wapi.

Mimi ningesema wiki sita, basi. Mbili za barua na orodha, sambamba na tathmini. Moja ya kuchukua na kurudisha fomu. Moja ya pingamizi na usaili mkoani. Zilizobaki ni za kampeni na mkutano. Na Kamati Tendaji ipitishe azimio leo: hakuna uteuzi wa kujaza nafasi yoyote inayoingia Mkutano Mkuu mpaka uchaguzi uishe, au zijazwe zote kwa uchaguzi wa kata chini ya msimamizi wa mkoa. Kama alivyosema Nyakato Stendi, ukichukua njia ya pili ratiba inarefuka, lakini angalau haimilikiwi na mtu mmoja.

Raundi nyingi nazo zina ujanja wake. Hao hao Conservative, walipotafuta mrithi wa Sunak, raundi ya tatu ya kura za wabunge James Cleverly aliongoza kwa 39. Kesho yake raundi ya nne akatolewa: Badenoch 42, Robert Jenrick 41, yeye 37. Wachambuzi wengi walisema wapo waliogawa kura kwa mahesabu ya kumchagua mpinzani dhaifu, mahesabu yakawageuka. Hata wajumbe wa Ukerewe wanajua mchezo huo, tena bila kufundishwa na Mzungu.

Mama Bwisya

Mwanangu wa Bukongo, hilo swali la tatu ndilo wakubwa wa Mwanza mjini hawalijui.

Angalia mwezi kwanza, kalenda ya ofisi baadaye. Wajumbe wengi wa visiwani ni watu wa dagaa. Kwenye giza wako ziwani usiku kucha na mchana wanaanika, au wamehamia kambi za mbali. Ukiita mkutano siku hizo utapata wazee na waliostaafu. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa, watu wanarudi nyumbani kushona nyavu na kupumzika. Chagua siku mbili tatu kuzunguka mwezi mpevu, mahudhurio utayaona mwenyewe. Na isiwe siku ya mnada au gulio.

Wajumbe wa Ukara wavuke Bwisya kwenda Bugolora siku moja kabla, walale Nansio. Wa Irugwa vivyo hivyo. Gharama ni ya kulala na chakula cha usiku, ni ndogo kuliko kurudia mkutano mzima. Malazi yasilipwe na mgombea wala mpambe wake, na wasilazwe nyumba moja wote. Ukiwaweka wajumbe ishirini wa kisiwa kimoja gesti moja, usiku huo itageuka ukumbi wa kampeni, bahasha zitapita mlango kwa mlango.

Nauli ya kurudi ilipwe baada ya matokeo kutangazwa, kwa daftari la kusaini, kiwango kipangwe kwa umbali na kibandikwe ukutani tangu asubuhi. Ukilipa saa nne, saa sita viti viko vitupu. Msimamizi toka mkoani naye aje jana yake, kwa meli ya Nansio au kwa kuzunguka Bunda na kuvuka Kisorya–Rugezi. Akifika saa saba mchana, muda wa raundi ya pili umekwisha.

Karani wa Kirumba

Mama kamaliza. Niongeze ya ndani ya ukumbi.

Ajenda ya kwanza baada ya kufungua ni kuthibitisha akidi, kwa kuita majina toka kwenye orodha iliyofungwa. Kuhesabu vichwa hakutoshi, maana kichwa hakina kadi. Idadi itangazwe na iandikwe. Ajenda ya pili iwe uchaguzi. Hotuba, salamu za mkoa, tathmini, vyote vije baadaye. Raundi ya pili, kama ipo, ipigwe palepale kabla ya chakula, na akidi isomwe upya kabla ya karatasi kugawiwa.

Karatasi za kura zisiwe na namba za mfululizo zinazoweza kufuatiliwa hadi kwa mjumbe. Tumieni mhuri nyuma pamoja na sahihi ya msimamizi, upigwe asubuhi hiyohiyo mbele ya mawakala wa wagombea. Rangi moja kwa raundi ya kwanza, nyingine kwa ya pili, zisije zikachanganyika. Karatasi zilizobaki zihesabiwe na kufungwa kwenye bahasha. Mjumbe aitwe jina, apewe karatasi, akapige kwenye kona yenye pazia, atumbukize kwenye sanduku lililoonyeshwa likiwa tupu. Simu zibaki nje ya kona, kwa sababu anayeuza kura huombwa picha ya kura.

Sasa tazama katiba yenu inasemaje kuhusu mshindi: nusu ya kura zilizopigwa, au ya kura halali? Wajumbe 86 wakipiga na mbili zikaharibika, halali ni 84. Zaidi ya nusu ya halali ni 43. Zaidi ya nusu ya zilizopigwa ni 44. Mtu akipata 43 hapo, je, kashinda au mnarudia? Tangazeni kanuni kabla sanduku halijafunguliwa. Ikitangazwa baada ya kuhesabu, hata ikiwa sahihi itaonekana imetungwa.

OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) apelekewe barua ya taarifa. Notisi ya saa 48 ni ya mikutano ya hadhara, huu ni wa ndani, lakini watu zaidi ya themanini wakikusanyika Nansio wakati wa joto la baada ya uchaguzi ni afadhali ofisi yake ijue kuna nini.

Mkerewe wa Bukongo

Shukrani wote. Nimeangalia kalenda, mbalamwezi ya mwezi ujao inaangukia katikati ya wiki, hakuna mnada. Moja la mwisho: makamu kasema wazi kwamba atagombea na hataachia ukaimu, na katiba haimkatazi.

Nyakato Stendi

Basi msipoteze nguvu kumng'oa. Mwacheni akaimu, mumtoe kwenye mambo ya uchaguzi tu. Kamati Tendaji iiombe Kamati ya Mkoa iteue msimamizi, na kwenye azimio iandikwe kwamba orodha ya wajumbe, fomu, fedha za nauli na uenyekiti wa kikao siku ya kupiga kura viko chini ya msimamizi na katibu wa wilaya. Yeye akae na wagombea wenzake. Fomu akachukue kwa katibu, apewe risiti kama wengine.

Akigoma kuitisha Kamati Tendaji, soma kifungu cha wajumbe kuomba kikao kwa sahihi. Katiba nyingi zinacho. Sahihi zikusanywe kwenye karatasi yenye tarehe na sababu ya kikao juu kabisa, kila ukurasa, asije mtu akasema alisaini mahudhurio ya msiba.

Mkishapata mwenyekiti, muhtasari uandikwe siku hiyohiyo kabla msimamizi hajaondoka: idadi kwenye orodha, waliohudhuria, kura zilizopigwa, zilizoharibika, alizopata kila mmoja, sahihi za msimamizi, katibu na mawakala wote. Wakala asiyetaka kusaini, andika kwamba amekataa na sababu aliyoitoa. Nakala moja mkoani, moja makao makuu ili wasahihishe daftari la viongozi, moja ibaki ofisini, na kila mgombea apewe yake. Karatasi za kura zitunzwe zimefungwa mpaka siku za rufaa ziishe.

Mkerewe wa Bukongo

Nimeelewa. Barua ya mzee katibu anaifuata Jumamosi, na majina ya madiwani watano nimeshamwomba admini ayatoe kwenye grupu la wajumbe. Mmoja ameshanipigia kuuliza kulikoni.